Mfuko Uliopigwa Bandi

Fundi cherehani alikuwa na binti wa miaka tisa aliyeitwa Chiriku, na jina hilo hakupewa na mtu. Alilipata kwa kazi ya mdomo wake mwenyewe. Aliongea akila, aliongea akifunga viatu, na hata usingizini midomo ilicheza kama ya mtu anayebembeleza bei. Baba yake aliendesha gari la mizigo na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno ya mtoto aliipata Bibi, mama mzazi wa fundi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

Kila alasiri Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha linalotazama barabara, na Chiriku akasimama pembeni, kidevu juu ya kizingiti.

"Nani huyo anapita?"

"Mama mwenye kapu, Bibi. Gauni lake la maua, upindo umefumuka kwa nyuma na hana habari."

"Maskini. Na uso?"

"Uso wa mtu aliyeacha kitu jikoni."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Barabara nzima aliiona kupitia mdomo wa mjukuu wake: nani amenunua viatu vipya, nani anachechemea, mawingu yamekaa upande gani. Fundi naye, mguu kwenye pedeli, alisikiliza bila kujua kwamba anasikiliza, kama mtu anavyosikiliza mvua iliyozoea paa lake.

Siku moja akaja wifi yake, dada wa mumewe, kupimwa sketi. Wifi alikuwa mpokea simu katika ofisi kubwa, mwenye Kiingereza kilichopigwa pasi. Alipokuwa amesimama mikono juu na fundi anampima kiuno, Chiriku alikuwa anasoma kitabu chake cha shule kwa sauti. Akafika kwenye neno la koti la mvua, akasema "reinkoti", uzito wote akautupa nyuma, kwenye "ko", jinsi sisi tunavyotamka maneno yetu.

Wifi akatoa kicheko kidogo cha puani.

"Wifi, huyu mtoto anasema Kiingereza kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hajui wapi pa kukanyaga."

"Si bado anajifunza?"

"Ajifunze upesi. Ile shule ya ng'ambo ya barabara unayoitaka, wanawasikiliza watoto kwanza kabla ya kuwapokea. Huyu watamsikiliza, watapaliwa na kicheko."

Fundi aliendelea kupima, pini mdomoni. Lakini neno lile lilimwingia kama sindano iliyokatika ndani ya upindo: huioni, ila kila ukigeuka inakuchoma. Yeye mwenyewe aliishia shule ya msingi. Katika mwaka wake wa mwisho alisimama mbele ya darasa kusoma ukurasa mmoja wa Kiingereza, na darasa zima lilicheka, mwalimu akiwemo. Tangu siku hiyo hakuwahi kulitoa neno la lugha hiyo kwa sauti, hata jina la cherehani yake anayoikalia kutwa. Alikuwa anaonyesha kwa kidole. Sasa alimtazama binti yake akaona kicheko kile kile kinamsubiri mlangoni pa shule, kimevaa vizuri, kimekunja mikono.

Mzazi aliyewahi kuiogopa kesho ya mtoto wake anaijua hofu hiyo. Haigongi hodi. Inaingia, inakaa, inaanza kutoa amri.

Kesho yake fundi alimpeleka Chiriku kwa mzee mmoja aliyekuwa mtangazaji wa redio enzi zake, aliyeitwa Mzee Sauti, akiishi chumba cha juu cha duka la viatu. Chumba kilikuwa na zulia nene na mapazia mazito, na sauti yoyote iliyoingia mle ilitua taratibu kama unyoya. Mzee alimkalisha mtoto mezani, mama akaachwa kwenye kochi, na somo likaanza kwa vidole viwili tu. Kidole kimoja kilipiga meza kwa nguvu, cha pili kiligusa tu.

"Maneno mawili yakioana," Mzee Sauti alisema, "yanahamia nyumba moja. Kwetu, mkazo unakwenda kukaa karibu na mlango wa nyuma. Mwana akiungana na mwenzake, tunasema mwanafunzi, na sauti inabonyea kwenye 'fu'. Kwao siyo hivyo. Kwao aliye mbele ndiye anayesikika. Wa nyuma yupo, hajafa, ila anaongea chini chini. Sema. Rein, koti."

Kidole kikapiga, kidole kikagusa. Chiriku akasema. Lilitoka zuri, la duara, kama yai.

"Na ukiyapiga yote mawili sawa?" mtoto aliuliza.

"Hapo umeyatalikisha. Ukisema blak kwa nguvu na bodi kwa nguvu, ni ubao wowote uliopakwa rangi nyeusi, hata wa mlango. Ukipiga blak peke yake, ndiyo blakbodi, ubao wa darasani."

Akamfundisha pia kukata. Kila neno lina vipande, alisema, na neno lililooana unalikata pale yalipokutana maneno mawili. Tipoti, birika la chai, usilikate ukaacha "p" ikining'inia upande wa chai. Mama kule kwenye kochi aliitikia kwa kichwa polepole. Hilo alilielewa kuliko wote. Unafumua kwenye mshono, hupasui kitambaa.

Somo lilipokwisha mzee aliwasindikiza mpaka juu ya ngazi. "Mama, huu ni mchezo wa nusu saa. Mkitoka hapa, uacheni hapa hapa. Mtoto alale nao, utajipanga wenyewe."

"Nimesikia, mzee," fundi alisema. Lakini mwenye hofu hasikii, anangoja tu mtu amalize kusema.

Usiku ule ule hakulala vizuri, na asubuhi akamwaga kopo lake la vifungo mezani. Akachagua. Vifungo vikubwa vya makoti vikawa sauti nzito. Vidogo vya mashati vikawa sauti nyepesi. Vya kati, vya suruali, vikawa ile sauti ya wa nyuma aliye hai lakini anaongea chini. Akamwita Chiriku.

"Lile neno la tundu la kifungo, mzee amelisemaje?"

"Batanholi, mama."

"Lipange."

Chiriku akaweka kikubwa, kidogo, cha kati. Ba, tan, holi. Vilikaa mezani vikimetameta, na mtoto akapiga makofi kwa furaha, maana kweli ilipendeza: neno ulilolisema hewani sasa linakaa mezani, unaweza kulisogeza kwa kidole. Wiki nzima nyumba ilikuwa kama imeingia ndoto tamu. Mwanga wa alasiri ulipita katikati ya nguo zilizotundikwa, ukafika mezani umepakwa rangi, na chini ya mwanga huo maneno yalilala kwa mistari: neno la alizeti kwa Kiingereza, kikubwa, cha kati, kidogo; la chumba cha kulala, kikubwa na cha kati. Fundi alishona huku akiyatazama. Hata pedeli ilianza kupiga hivyo, mguu mzito, mguu mwepesi.

Laiti angeishia hapo.

Wiki ya pili alianza kuogopa kwamba mtoto anayapanga vizuri mezani halafu anayaharibu dirishani. Akasema, "Hayo maporojo ya barabarani yanakulegeza ulimi. Tunapumzika kwanza." Bibi akauliza, "Na macho yangu nani ananishikia?" Fundi akajibu, "Mama, ni wiki chache tu. Unataka mjukuu wako achekwe?" Bibi hakutaka mjukuu achekwe. Akageuza uso wake dirishani, akatazama ule weupe wa ukungu wake.

Wiki ya tatu fundi akaweka sheria. Neno lolote la Kiingereza, vifungo kwanza. Halafu neno lolote, la lugha yoyote, vifungo kwanza, ili mtoto azoee kufikiri kabla ya kutamka. Akamshonea kimfuko cha kuvibebea. Chiriku alipotaka maji alikaa, akapanga kikubwa na kidogo, akatazama, akasogeza, ndipo akasema "Maji." Mama aliona ni nidhamu. Aliwaeleza hata wateja.

"Siku hizi mtoto ametulia," mteja mmoja alisema.

"Anapikika," fundi alijibu.

"Anaungua," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake, na mteja akadhani ni sufuria, akaenda kuchungulia jikoni.

Siku moja ya joto fundi alisinzia juu ya cherehani, paji la uso kwenye mkono. Akaota yupo kwenye barabara ndefu ambayo kila mtu anatembea kwa mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, na hakuna anayesema kitu, sauti ni za miguu tu. Yeye alikuwa amekaa katikati ya barabara anapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi anashikizia nguo kabla ya kuishona kweli. Kitambaa kilikuwa laini sana. Kilikuwa na joto. Akashangaa mbona kitambaa kinapumua, akazidi kushona ili amalize haraka. Akashtuka. Chumba kilikuwa kimya. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni na mbele yake mstari wa vifungo unaofika mlangoni.

"Hilo ni neno gani?" mama aliuliza.

Mtoto akautazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaanza kuvikusanya.

Usaili wa ile shule ulikuwa Jumatatu. Fundi alimshonea gauni la bluu lenye mifuko miwili mbele, akaweka kola nyeupe, akageuza upindo kwa mkono. Nalo akalifanya kama anavyofanya nguo zote za wateja: mifuko akaipiga bandi, akaifunga midomo yake kwa uzi, ili isilegee wala kuvutika mpaka nguo imfikie mwenyewe. Kila fundi anafanya hivyo. Nguo ikienda nyumbani kwa mteja, mteja anakata uzi. Mkono wake ulikuwa umepiga bandi mifuko elfu, hata haukumuuliza.

Asubuhi ile Chiriku alichota vifungo vitatu kutoka kwenye kimfuko chake akataka kuviweka mfukoni mwa gauni. Havikuingia. Alivisukuma, akamtazama mama yake, akafungua mdomo. Lakini kusema kitu kulitaka vifungo vipangwe, na meza ilikuwa imejaa chai na chaki na mkasi, na mama alikuwa anamvuta mkono. "Tumechelewa, mwanangu. Hivyo viache, huko huendi navyo. Utasema kwa kichwa." Akavichukua, akaviweka juu ya cherehani.

Shuleni walikaa kwenye benchi la korido iliyonuka sakafu mpya iliyopigwa nta. Chiriku akaitwa ndani peke yake. Mlango wa chumba cha usaili uliachwa wazi kwa ajili ya hewa, kwa hiyo fundi aliona yote. Mwalimu wa kike mwenye miwani alikaa mbele ya meza nyeupe isiyo na kitu. Alikuwa na uso wa upole. Hilo fundi alilikumbuka baadaye kwa uchungu, kwamba yule mwalimu hakuwa na kicheko chochote alichokificha. Aliuliza kwa Kiingereza, taratibu. Fundi hakuelewa, lakini alijua ni maswali ya kumzoesha mtoto. Jina lako nani. Umekuja na nani.

Chiriku alikaa wima. Mkono wake wa kulia ulishuka mpaka kwenye mfuko wa gauni. Vidole vikatafuta mdomo wa mfuko, vikaukuta umefungwa. Vikatafuta tena. Vikaanza kukwaruza mshono, taratibu, kama paka anayetaka kufunguliwa mlango na hataki kumwamsha mtu.

Mwalimu akabadilisha, akauliza kwa Kiswahili. "Mama yako anafanya kazi gani, mwanangu?"

Mkono ukakwaruza. Midomo ya mtoto ilifunguka kidogo, ikaonyesha meno mawili ya mbele, ikafungika. Fundi kule kwenye benchi alihisi mwenyewe meno yake yamebanana, na darasa zima la zamani limenyamaza likimtazama. Alikuwa anauona uzi. Kutoka pale alipokaa, hatua saba, aliuona uzi mweupe wa bandi kwenye mfuko wa bluu, mishono yake mwenyewe, mirefu, iliyonyooka, na akakumbuka kitambaa kilichokuwa kinapumua.

Mwalimu alingoja muda mrefu kuliko ulivyostahili. Halafu akamshika mtoto bega, akamtoa nje. "Hajambo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hajakosea kitu. Hajasema tu. Nyumbani anaongea?"

Fundi alitaka kusema anaitwa Chiriku.

Walivuka barabara wameshikana mikono. Nyumbani fundi alifunga mlango, akapiga magoti sakafuni kati ya vitambaa, akachukua kimkasi cha nyuzi, akakata bandi ya mfuko wa kulia, kisha ya kushoto. Alivuta uzi mmoja mmoja, asije akachana kitambaa. Chiriku alisimama tuli kama anapimwa.

"Nilikushona," mama alisema. "Si mfuko. Wewe. Nilikuwa naogopa kicheko cha watu wengine, nikakupa wewe ukibebe." Akasimama, akachukua vile vifungo vitatu juu ya cherehani, akavitia kwenye mfuko uliofunguka. "Hivi ni vyako. Ukitaka vipange, usipotaka usivipange. Sitaviuliza tena. Na dirisha lile ni lako na Bibi."

Mtoto alitia mkono mfukoni, akautuliza mle.

Hakusema neno siku ile wala iliyofuata. Fundi alirudi kwa Mzee Sauti kumwambia. Mzee hakumlaumu, jambo ambalo lilikuwa gumu zaidi kulibeba, alisema tu, "Usimwombe aseme. Fanya kazi yako karibu naye," akamsogezea kikombe chake cha chai alichokiacha nusu. Kwa hiyo fundi alishona. Alikuwa anafanya jambo moja ambalo hakuwahi kulifanya: alilisema jina la cherehani yake kwa Kiingereza, kwa sauti, peke yake, soingmashini, akaukosea mkazo, akacheka kidogo, akaendelea. Bibi alikaa na dirisha lake. Siku zilipita kama nguo kwenye kamba, moja nyuma ya nyingine, hazina watu ndani.

Siku ya tisa akaja tarishi na barua ya shule. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti kuukuu la kazi, na koti lilikuwa halina vifungo vitatu vya mbele. Aliushikilia upande mmoja kwa mkono wa barua.

"Fundi, barua. Na kama una vifungo, nisaidie. Upepo unaniingilia kama nyumba isiyo na mlango."

Fundi aliisoma barua akiwa amesimama. Hapakuwa na nafasi kwa mwaka huu. Walisema wangefurahi kumsikiliza mtoto tena akiwa tayari, na mwalimu mwenye miwani alikuwa ameandika chini kwa kalamu yake, asiharakishwe. Fundi aliikunja barua, akaiweka chini ya mguu mmoja wa cherehani uliokuwa unacheza. Mguu ukatulia. Akavuta kopo la vifungo kwa ajili ya tarishi. Lilikuwa tupu. Vyote vilikwenda kwenye maneno, vimo kwenye kimfuko cha Chiriku, na yeye aliahidi hataviuliza.

"Samahani, kaka. Vimeisha."

Chiriku alikuwa sakafuni na vitambaa. Akainuka. Akatia mkono mfukoni, akampa mama yake kifungo kikubwa cha koti. Akatia mkono tena, akampa kidogo cha shati. Akangoja. Akampa cha kati.

Mama alivitazama kwenye kiganja chake. Hakuuliza. Akatia uzi kwenye sindano, akavishona kwa mpangilio aliopewa, kutoka juu kwenda chini, tarishi akiwa amelivaa koti lake, amenyanyua kidevu.

"Mbona kila kifungo na mama yake?" tarishi aliuliza, akijitazama.

"Ndivyo vilivyopo."

"Haya. Mradi vifunge." Akajifunga, akashukuru, akashuka ngazi.

Chumba kikabaki na mlio wa pasi inayopoa. Chiriku alitembea mpaka dirishani, akaweka kidevu juu ya kizingiti karibu na kiti cha Bibi. Fundi alishika gurudumu la cherehani lisigeuke. Nje, barabara ilikuwa nyeupe kwa jua.

"Nani huyo anapita?" Bibi aliuliza, kwa mazoea tu, kama mtu anavyouliza ukuta.

Kimya kikapita, kirefu, chenye ukubwa wa wiki tatu.

"Tarishi, Bibi," Chiriku alisema. Sauti ilikuwa na kutu kidogo. "Anavuka. Amevaa batanholi yangu."

"Imemkaa?"

Mtoto alifikiri. Kidole chake kiligonga kizingiti mara moja kwa nguvu, mara moja kwa kugusa tu, kisha kikaacha.

"Imemkaa," alisema. "Ila chini kwenye mkono ana tundu, na yeye hana habari. Nyuma yake anakuja mama mwenye kapu."

Bibi akasogeza kiti. Fundi akaliachia gurudumu, akakanyaga pedeli taratibu sana, asilifunike hata neno moja.